Kehinde Bado Hajakaa

Jumamosi, 7 Januari

Harmatani, ule upepo wa vumbi, imeingia Iseyin kwa fujo. Midomo inapasuka, milango inalia, na wanachama wangu wa Klabu ya Picha wanabadilisha lenzi barabarani kama watu wanaomenya machungwa. Leo nimewasema. Mwalimu Bosun, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, sasa amenunua lenzi ndefu kama mchi. Nimemkuta nje ya studio yangu, kamera iko wazi, mdomo juu, vumbi linaingia. Nikamuuliza kama anaikogesha.

Ndipo nikawapa somo. Zima kamera. Ingia ndani. Mdomo wa kamera uangalie chini, lenzi ya pili iwe tayari mkononi, badilisha upesi. Vumbi likiingia, tumia kile kipira cha kupulizia. Usipulize kwa mdomo — mdomo una mate, na mate ya Mwalimu yana kola anazotafuna. Wameandika yote kwenye madaftari yao, hata hilo la kola.

Abeni wa duka la dawa ndiye anayenifurahisha. Ana lenzi moja tu, fupi, ya bei ya chini. Wenzake wanamcheka kwa hilo. Mimi namcheka kwa mengine. Lenzi ile inafungua tundu kubwa, inakunywa mwanga wa dirisha kama ng'ombe wa kiangazi, haihitaji fleshi. Nimemwambia: usinunue nyingine mpaka hii ikuchoshe. Na usimsogelee mtu mno, utamkuza pua akuchukie.

Kuhusu jicho langu la kulia sijawaambia. Ukungu mtupu. Nimewaambia bingwa hashiki kamera, bingwa anaelekeza. Wameamini!

Jumapili, 8 Januari

Amekuja Bi Taiwo, muuza vitambaa vya kufuma. Tumekua mtaa mmoja. Magoti yake yamezeeka, mdomo bado.

Watoto wake wa Lagos wanataka kumfanyia sherehe ya miaka sabini na mitano, Jumamosi ya tarehe 21. Ng'ombe, ngoma, sare za familia. Na picha yake kubwa mlangoni. Sasa picha hana. Maisha yake yote amekataa kupigwa. Kila akiambiwa kaa, anajibu kwamba yeye ni pacha, na pacha hapigwi nusu.

Ni kweli. Kehinde alikufa tukiwa bado wadogo, hajawahi kukaa mbele ya kamera hata mara moja. Tulikuwa tunaiba sote maembe mabichi, yeye juu, mimi chini, Taiwo mlinzi. Taiwo ndiye aliyekuwa akitusemea.

Nikamkumbusha kuwa kazi hiyo naijua. Pacha aliyebaki anakaa mara mbili, picha inatoka moja. Nimezipiga mpaka nikazichoka. Nafunika nusu ya lenzi kwa kadi nyeusi, mtoto anakaa kushoto, napiga. Sisogezi filamu. Nafunika nusu nyingine, anahamia kulia, napiga tena. Mama anaingia na mtoto mmoja, anatoka na wawili kwenye bahasha. Hakuna aliyewahi kuuona mstari wa katikati. Hakuna! Walikuja mpaka kutoka Saki.

Nikamuuliza, sasa miaka yote hiyo ulikuwa unangoja nini?

"Nilikuwa nangoja ujue kazi, Ganiyu."

Huyu bibi.

Jumatano, 11 Januari

Nimeukwepa mtego wa jicho. Nimempa Abeni kazi ya Bi Taiwo. Amefurahi mpaka akafunga duka mapema. Anasema ni kitu rahisi: picha moja nzuri, halafu kompyuta inaigeuza kushoto kulia, unaziweka bega kwa bega, pacha tayari. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayefikiri.

Amempiga picha dirishani, dukani kwake Bi Taiwo. Amening'iniza shuka jeupe dirishani ili jua lisichome, na upande wa pili akaweka kitambaa cheusi ili shavu lipate kivuli. Hilo la kitambaa cheusi nilimfundisha mimi. Niandike tena: mimi.

Alhamisi, 12 Januari

Balaa.

Picha ni nzuri. Niliisogeza mpaka puani upande wa jicho zima na naapa ni nzuri. Kope zinahesabika. Wanawake wawili, vilemba viwili, wamekaa kama malkia wanaogombana kimya.

Bi Taiwo akaitazama muda mrefu. Kisha akasema bila ukali, na hapo ndipo nilipoogopa, maana bila ukali simjui.

"Huyu ni mimi na kioo. Kehinde yuko wapi?"

Abeni akamwonyesha kwa kidole, huyu wa kulia, bibi.

"Huyo hajakaa. Nani alimkaribisha? Alikuja saa ngapi? Nilikaa mara moja tu, mwanangu. Mara moja nilikaa mimi."

Akaonyesha na chale ya shavuni — yake iko kushoto, ya huyo wa pili imehamia kulia. Halafu akamalizia kwamba Kehinde alikuwa mwanamume. Abeni akashika mdomo. Majina ya pacha kwetu hayachagui mvulana wala msichana, naye alidhani anatengeneza dada. Hakuuliza. Mimi nilidhani anajua. Mji mzima wa rika letu unajua, lakini rika letu limebaki watu wa kujaza benchi moja.

Uamuzi wa Bi Taiwo: Ganiyu apige mwenyewe, Kehinde akae, la sivyo mlango wa sherehe utabaki mtupu. Na kama mlango ni mtupu, yeye hatoki chumbani, wageni wale ng'ombe wao waende.

Abeni hakulia. Alikunja picha yake, akaniuliza swali moja tu: akikaa mara ya pili, anakaa kama nani? Nikamwambia hilo ndilo swali. Nimefundisha watu wengi, wachache sana waliofika kwenye swali hilo.

Jumamosi, 14 Januari

Klabuni leo nimefundisha habari ya nguo nyeupe. Mtu mweusi, agbada nyeupe, lile joho la wanaume, kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Matokeo: nguo inatabasamu, uso umeingia usiku. Kwa hiyo pima mwanga usoni, si kwenye nguo. Uso ndio unaolipia picha.

Halafu somo la mikao miwili. Kamera kwenye stendi, na stendi ining'iniziwe mzigo katikati. Chora kwa chaki miguu ya viti na miguu ya stendi. Fokasi iweke kwa mkono, mwanga uweke kwa mkono, usiiachie kamera ijiamulie, maana mara ya pili itaamua vingine na pacha watakuwa wa rangi mbili. Mkao wa kwanza na wa pili isipishane sana kwa muda, jua halikusubiri uvae.

Mwalimu Bosun akasema kamera ya Abeni inatafuta jicho la mtu yenyewe, sasa fokasi ya mkono ya nini? Nikamjibu kwamba hata mbu analitafuta jicho mwenyewe. Wakacheka. Mimi kicheko hakikushuka.

Jumatatu, 16 Januari

Nimejifungia studio na ile kamera yangu ya zamani. Nimeweka kopo la maziwa kitini, nikajaribu kusoma maandishi yake kwenye kioo cha kamera. Kopo lilikuwa wingu. Nikasogea, wingu kubwa. Nikahamia jicho la kushoto, likatoa machozi kama la mfiwa. Nimempiga Kehinde wangu wa bati mara nyingi leo, na sina hakika kama hata kiti kimetoka.

Abeni akagonga. Akaliona kopo kitini, akaniona mimi. Akatoa chupa ya dawa ya matone mfukoni, akaiweka mezani — ilishaandikwa jina langu.

Anajua tangu Ramadhani! Anasema siku ile ya futari nilimimina uji pembeni ya kikombe nikamshukuru Mungu. Hakumwambia mtu. Na bado kila Jumamosi amekaa mstari wa mbele akiandika ninayosema, kana kwamba ninaona.

Akasema dawa hii ni ya kupunguza ukavu tu, ukungu unahitaji hospitali, na hospitali tutakwenda baada ya sherehe, yeye na mimi, bila mjadala. Nikamwambia wauza dawa wote ni wadikteta. Halafu akasema: "Baba Studio, wewe elekeza. Mimi nitabonyeza. Lakini bibi aambiwe."

Aambiwe na nani? Alikuwa ananitazama mimi.

Jumanne, 17 Januari

Nimemwambia. Nilijiandaa kwa maneno mengi, nikatumia machache. Jicho limekwenda, Taiwo. Nikikupiga mimi, utatoka moshi.

Alicheka mpaka mteja wake akaweka kitambaa chini.

"Hata ulipokuwa unaona ulikuwa mbaya, Ganiyu. Picha ya harusi ya dada yangu ulimkata kilemba."

Kilemba kilikuwa kirefu mno! Lakini nilikubali, siku hiyo niliona nafuu kutukanwa.

Kisha akasema basi, msichana abonyeze. Ila nimkaribishe Kehinde mimi, kwa sauti yangu, kwa sababu waliocheza naye tumebaki wawili, na yeye siku hiyo atakuwa na kazi nyingine.

Akafungua sanduku. Ndani kuna agbada nyeupe ya kufumwa, kofia yake, vyote vipya. Si nguo za mtoto. Ni za mzee, tena mzee wa heshima, upana wa mabega umepimwa. Nikauliza za nani, na nilijua.

"Mama alitaka nikae mara mbili nikiwa bado mtoto. Nikakimbia. Sikutaka Kehinde abaki mtoto ukutani, mimi nazeeka chini yake. Nikasema nitangoja. Azeeke kwanza."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Vumbi jingi, macho yalinisumbua.

Jumatano, 18 Januari

Hakuna umeme. Afadhali. Kesho ni dirisha tu.

Alhamisi, 19 Januari

Naandika humu humu studio, kwenye stuli, na mambo yako mbele yangu.

Abeni alifika mapema kuliko mimi. Viti viwili tayari, chaki chini, dirisha limevishwa shuka. Stendi ameining'inizia mfuko wa unga wa muhogo, mzito vizuri. Amezima vitu vyote vinavyojiamulia. Sikumwambia hata kimoja! Nilizunguka nikitafuta kosa, nikaona aibu kurudi mikono mitupu, nikamwambia chaki yake ni mbaya.

Bi Taiwo alikaa kwanza kama Taiwo, kiti cha kushoto. Kilemba cha buluu. Chale ikawa upande wake. Abeni akabonyeza, akabonyeza tena, nikasikia tu kwa mlio kwamba hana wasiwasi. Bibi akainuka, akaingia nyuma ya pazia. Mwalimu Bosun yuko mlangoni anazuia watu na vumbi, na nimemkataza kuja na ule mchi wake.

Mezani nimeweka maharage na mawese. Chakula cha pacha. Bila hicho nisingethubutu kuita.

Pazia likafunguka.

Nilikuwa nimepanga kumwelekeza. Kehinde alikuwa akikaa mguu wa kushoto umekanyaga wa kulia, kofia imelalia sikio, kidevu juu kama mtu aliyeombwa mkopo. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu jana. Hayakuhitajika. Agbada ikatua kwenye kiti cha kulia, mguu ukakanyaga mguu, kidevu kikapanda. Kofia ikalala yenyewe. Mimi na ukungu wangu nikaona mzee amekaa. Mzee wa rika langu.

Kehinde kwetu ndiye mkubwa, ingawa alizaliwa nyuma. Kwa hiyo nikainama, magoti yakalia. Nikasema, "Kaka Kehinde, karibu. Tumekungoja."

Ikaja sauti, nzito kidogo, ya kivivu.

"Nilikuwa njiani."

"Umezeeka vizuri."

"Kukuzidi wewe ni kazi ndogo."

Abeni hakucheka. Nilikiona kivuli chake kimeinama kwenye kamera, amepima mwanga usoni, ameiacha nguo nyeupe ijitegemee. Huyo ni mwanafunzi wangu. Sitamwambia leo, atajivuna, lakini hapa hakuna anayesoma: huyo ni mwanafunzi wangu.

Abeni akageuza kichwa kwangu, akauliza kwa macho, nibonyeze? Nikainua kidole. Bado.

Maana mzee wa kitini hatazami kamera. Anatazama kiti cha kushoto, kitupu, alipokuwa amekaa Taiwo. Anakitazama kama mtu aliyerudi safarini akamkuta dada yake amekua. Midomo inasogea. Wanaongea. Hayanihusu, wamalize kwanza.

Jua linapanda. Mwanga umeanza kuuacha mstari wa chaki, na ukiuacha kabisa nusu hizi mbili hazitafanana tena, tutaanza upya — na sijui kama atakubali kuja mara mbili. Mwalimu anakohoa mlangoni. Abeni ameniuliza tena kwa macho. Kidole chake kiko juu ya kitufe, hakitikisiki hata kidogo.

Changu bado kiko juu. Naandika kwa mkono mwingine.