Mguu Uliotikisa Karatasi

Aziza, mujukuu wangu,

Unasoma kule Japani, lakini profesa wa kwanza wa ardhi katika ukoo huu ni mimi, niliyeacha shule darasa la tano! Bibi yako anacheka hapa. Yeye ni mzima, na hapa Kindu mvua imeanza.

Unauliza kama naelewa unachochunguza, zile tabaka za matope pale sakafu ya bahari inapozama chini ya nchi kavu. Naelewa sana! Wakati wa Zaire tulichunguza tabaka za porini vile vile: tunalipua baruti, mshindo unazigonga na kurudi kama mwangwi, mashine inauchora kwenye karatasi. Wakati wa mlipuko, marufuku kutikisa hata mguu, maana mashine inachora kila kishindo.

Sasa, kila asubuhi tulilazimishwa kuchezea chama tawala ngoma za kukisifu mbele ya bendera, na bingwa wa kucheza njo mimi. Siku ya baruti ya mwisho nikawa nyuma ya mti, nafanya mazoezi ya kucheza. Karatasi ikatoka imeharibika kabisa.

"Nani alikanyaga?" mkubwa wetu akafoka.

Rafiki yangu Salumu akaniangalia, kisha akamjibu: "Ni mimi, patron."

Akafukuzwa pale pale. Akifunga mzigo, akaninong'oneza: "Wewe iko na mutoto, mupumbavu. Baki, ujifunze."

Nikabaki, nikajifunza. Kazi ile ikamsomesha mama yako, naye akakusomesha wewe. Ninamshukuru Salumu kila ninapopata barua yako.

Lakini miaka yote hii, hata kwa mama yako, nimesimulia kwamba aliyecheza ni Salumu. Wewe njo wa kwanza kujua.

Babu yako