Radi Iliyoua Ng'ombe wa Telesfori, na Neno "Kuvuta"

KIKUNDI CHA KAHAWA TUINUANE, KATA YA MABIRA, WILAYA YA KYERWA
Kikao cha dharura, Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, katika stoo ya kahawa.

Waliohudhuria: Mzee Rwegoshora (Mwenyekiti), Mackrine Hirwa (Katibu), Telesfori, Benadeta (mke wa Telesfori), Placidius (Mtunza stoo), Mama Nyiransabimana.

Hakuwepo: Hirwa, mtoto wa Mama Nyiransabimana na mume wa Katibu tangu mwezi uliopita. Alikwenda Kamuli kufuata nyavu za kuanikia kahawa.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana. Wajumbe walisogea mlangoni kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa upande wa ukuta wa bati. Mwenyekiti alimpongeza Katibu kwa ndoa. Katibu alishukuru, akasema hakujua kama mtu anaweza kuamka kila asubuhi na furaha kiasi hiki. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba ajenda ni radi.

KUMB. NA. 2/11/2025: MALALAMIKO YA TELESFORI
Telesfori alieleza kwamba Jumatano radi ilipiga mti mrefu wa mgrevilea ulio mpakani mwa shamba lake na la Mama Nyiransabimana, ikaua ng'ombe wake wawili waliokuwa chini yake. Alisema siku moja kabla, Mama Nyiransabimana aliwaambia watoto, "Tokeni hapo, mti huu unavuta radi." Aliuliza kikao: "Alijuaje? Anayejua inakovutwa ndiye anayeivuta."

Mama Nyiransabimana alijibu kwamba aliwaonea watoto huruma tu, na kama Telesfori angekuwa karibu angemwambia hata yeye ahamishe ng'ombe.

Telesfori alisema mama huyo arudi Rwanda na radi zake. Mama Nyiransabimana alisema, "Waitu, tafadhali Mwenyekiti, nimezaliwa hapahapa Mabira. Rwanda nitamfikia nani?"

Telesfori alipendekeza atolewe kwenye kikundi na aambiwe ahame kitongoji. Aliongeza kwamba asipohama kwa maneno, wapo vijana watakaomsaidia kuhama. Placidius alikumbusha kwamba mwaka juzi, kitongoji cha pili, nyumba ya mtu aliyesemwa hivyo ilichomwa moto.

KUMB. NA. 3/11/2025: MAELEZO YA KATIBU
Katibu aliomba kueleza alichosoma sekondari. Alisema dunia inaendeshwa na kani nne za asili. Mbili zimejificha ndani ya kiini cha atomu. Ya tatu huvuta mkungu wa ndizi chini mgomba unapoanguka. Ya nne ni ya umeme: chaji chanya na chaji hasi huvutana, zinazofanana husukumana. Chini ya wingu hukusanyika chaji hasi, na kwenye ardhi chini yake, hasa kwenye vitu virefu, hukusanyika chanya. Zikizidi kutafutana, hewa hushindwa kuzizuia, na hiyo ndiyo radi. Kwa hiyo mti mrefu unavuta kweli, bila kutumwa na mtu. Katibu aliongeza kwamba ndivyo alivyojisikia siku ya kwanza alipomwona Hirwa mnadani. Mwenyekiti aliagiza hilo lisiandikwe, lakini lilikuwa limeshaandikwa.

Ili kuwathibitishia, Katibu alitoa puto lililobaki harusini, akalisugua kwenye sweta la Mwenyekiti, akalisogeza kwenye vipande vya karatasi. Vipande viliruka vikalishika. Alilisugua tena, akaliweka ukutani, likakaa bila gundi.

Hakuna aliyecheka. Benadeta alijifunika uso kwa kanga. Mwenyekiti alivua sweta. Placidius aliuliza kama puto hilo linaweza kutolewa nje.

Telesfori alisema, "Kumbe wako wawili. Mama anavuta radi, mtoto kavuta Katibu, Katibu naye ameshafundishwa."

Katibu alieleza kwamba kila mtu anaweza kufanya hivyo, akampa Telesfori puto ajaribu. Telesfori alikataa kuligusa.

KUMB. NA. 4/11/2025: KUTOLEWA NJE
Ngurumo zilianza upande wa Kiruruma. Telesfori alisema hatakaa chini ya bati moja na wawili hao. Mwenyekiti, kwa sauti ya chini, aliwaomba watoke wakati kikao kinaamua. Katibu alitoka na daftari.

Yaliyosemwa ndani hayakusikika kwa sababu ya mvua. Barazani, Katibu na mama mkwe wake walichuchumaa mbali na nguzo ya chuma, miguu pamoja. Mama alisema, "Mwanangu, ungenyamaza. Mimi ni mzee, wewe ndiyo kwanza umeolewa." Radi ilipiga bondeni, karibu. Baada ya hapo mlango ulifunguliwa na Benadeta, akasema, "Ingieni jamani, mtakufa," ingawa mume wake alikuwa anamwita arudi.

KUMB. NA. 5/11/2025: UAMUZI
Mwenyekiti alitamka kwamba wajumbe hawakukubaliana, hivyo Mama Nyiransabimana anabaki mwanachama. Alimtaka Telesfori aahidi mbele ya wote kwamba hakuna atakayekwenda nyumbani kwa mama huyo.

Telesfori alijibu, "Nitaahidi mvua ikikatika."

Mwenyekiti alisema hilo linatosha. Kikao kilivunjika saa kumi na moja bila sala, kila mmoja akikimbilia kwake.

Katibu ameomba iandikwe kwamba mvua haijakatika. Kumbukumbu hizi zimeandikwa nyumbani kwa Mama Nyiransabimana, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Hirwa bado hajafika kutoka Kamuli.

Mwenyekiti: Rwegoshora (atasaini akipatikana)
Katibu: Mackrine Hirwa (amesaini)