Chumba Kilichobaki Kilakala

Kilakala,
Morogoro.

Mdogo wangu Rashidi,

Marahaba. Najua hujanisalimu, na aliye mdogo ndiye huanza. Lakini tangu siku ya hitima ya mama shikamoo yako haijanifikia, kwa hiyo nimeamua kuitikia kwanza, nawe utaitoa siku utakayopenda.

Habari za Urambo? Tumbaku imeshaingia kwenye mabani ya kukaushia? Shemeji hajambo, na Mwajuma anaendeleaje na shule? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hulalamika kila nikitoka mlimani. Nimeandika kwa herufi kubwa na kuruka mstari mmoja mmoja, kwa sababu dada yetu Tatu amenieleza habari za macho yako. Jaribu kusoma mwenyewe. Ukishindwa, Mwajuma akusomee, lakini asome yote, hata pale ninapojisema vibaya.

Nikueleze kwanza kazi yangu, maana ulipata kusema kwamba bwana shamba mstaafu aliyebaki mjini ni mzururaji tu. Jumatatu hadi Jumatano nipo Mgeta, juu kwenye Milima ya Uluguru, na kikundi cha wakulima wa kabichi, karoti na njegere. Mashamba yao yamesimama wima kiasi kwamba karoti ikikuponyoka mkononi utakwenda kuiokota kwa jirani wa chini. Tunapanda majani ya tembo kwenye kingo za matuta ili mvua isiondoke na udongo. Nilidhani ningekwenda kuwafundisha, lakini nusu ya siku wao ndio wanaonifundisha. Mashamba mengi kule ni ya ukoo wa mama, kwa hiyo ukitaka kupanda hata mti mmoja usimwulize baba mwenye nyumba tu, mwulize na dada yake. Mimi sikumwuliza dada mtu, nikapanda, na wiki iliyofuata nikakuta miche yangu imeng'olewa na kupangwa vizuri kando ya njia, mizizi yake imefungwa kwa majani ya mgomba isikauke. Hakuna aliyenitukana. Nilikwenda kuomba upya, nikapewa.

Siku zinazobaki naishi mjini, hapa Kilakala, kwenye nyumba ya kupanga ya Bi. Zuhura, mama wa Kiluguru ambaye nyumba anayokaa mwenyewe imegusana na ua wetu. Tulikuwa wanne, na wote, kama ulivyokwishasikia na kukasirika, ni wa chama changu. Tulifahamiana wakati wa uchaguzi tulipokuwa mawakala katika kata moja. Yupo Omari, seremala, Mluguru wa Matombo, mtu wa makamo. Yupo Fadhili, kijana anayefundisha somo la Uraia sekondari. Wa nne alipata kazi kwenye mashamba ya miwa Turiani akahama, na chumba chake ndicho kilichobaki.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye sababu ya barua hii. Unakumbuka nilivyosema siku ya hitima, mbele ya watu, sahani za pilau zikiwa bado mikononi mwao. Nilisema sitalala tena chini ya bati moja na mtu wa chama chako. Nikachukua mkoba, nikaenda kulala kwenye benchi la stendi, wakati kitanda cha mama kilikuwa kitupu na wewe ulikuwa umenitandikia. Lile neno lilikuwa baya, Rashidi, na nililisema siku mbaya. Niliporudi Morogoro nililifanya kuwa sheria ya nyumba. Mimi ndiye niliyependekeza kwamba humu asikae mtu wa upande mwingine, na wenzangu walikubali bila swali.

Mwanzoni tuliishi raha. Taarifa ya habari ikisomwa redioni, tunaguna pamoja na kucheka pamoja. Kila Jumapili baada ya alasiri tunakaa kikao, Fadhili anaandika kumbukumbu kwa mwandiko wa kupendeza, na kila jambo linapita kwa kauli moja. Kabla ya masika tulikubaliana kwamba mifereji ya bati isafishwe, maana ilijaa majani. Tulikubaliana kwa moyo kabisa, hata Omari alitoa hotuba fupi kuhusu wajibu wa wengi. Kisha mvua ikaja. Maji yalishindwa kupita kwenye mifereji, yakarudi ndani, na dari ya Fadhili ikashuka juu ya kitanda chake na vitabu vyake vyote.

"Si tulikubaliana!" Fadhili akapiga kelele, amesimama katikati ya chumba na kamusi inayovuja maji.

"Tulikubaliana, ndiyo," Omari akasema. "Mimi nilijua utapanda wewe, kijana."

"Na mimi nilijua fundi ni wewe!"

Mimi nilijua watapanda wao wawili. Bi. Zuhura alikuja na ndoo na kitambaa, akatutazama mmoja mmoja. "Mlikubaliana na nani? Na mvua?" Kisha akasema, huku anakamua kitambaa, "Nyumba yangu imepata wapangaji wanaotikisa vichwa kama mijusi kwenye jiwe. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hakuna hata mmoja wa kuuliza nani atapanda na siku gani?"

Rashidi, pale pale nilikukumbuka wewe. Tangu utoto wetu hakuna aliyeweza kukutuma kisimani bila kwanza kuulizwa kwa nini wewe, kwa nini sasa, na jana alikwenda nani. Mama alikuwa akisema utamchosha. Lakini mtungi wetu haukuwahi kukauka.

Wiki ile ile Tatu alinipigia. Akanieleza kwamba jicho la kulia limeziba kabisa na la kushoto linafuata, kwamba umejikwaa kwenye bani na kuungua mkono, na kwamba hospitalini wamekwambia ni mtoto wa jicho ila wewe unasema utangoja msimu uishe. Nikueleze ugonjwa wenyewe, maana huenda hawakukueleza vizuri. Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo cha taa ya chemli. Miaka ikienda, kioo kinaingia ukungu, lakini utambi bado unawaka. Daktari hutoa kioo kile na kuweka kingine. Hapa mjini ipo kliniki ya macho inayofanya kazi hiyo, na nimezungumza na wauguzi wake. Wanataka mgonjwa akae karibu nao kwa wiki kadhaa, jicho moja kwanza, kisha la pili, na arudi kuangaliwa.

Kwa hiyo Jumapili nilileta ombi kikaoni. Nikasema mdogo wangu ni mgonjwa wa macho, naomba apewe kile chumba. Omari akasema bila shaka. Fadhili akauliza, kalamu mkononi, "Msimamo wake?"

Nikajibu, "Ni mtu mwema sana."

Nikamwona akiandika "mwenzetu". Nikanyamaza. Mimi, Juma, niliyewahi kuwachapa watoto wangu kwa uongo mdogo kuliko ule, nilitazama neno lile likikauka kwenye karatasi nikanyamaza.

Siku tatu baada ya kikao, Tatu alinitumia picha yako kwenye simu, ya karibu, ili niionyeshe kliniki. Nilimwonyesha Omari kwa furaha, nikamwambia tazama jicho lilivyoziba. Sikuwa nimetazama sehemu nyingine ya picha, jicho tu. Omari akaishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Jicho nimeliona," akasema. "Na kofia nimeiona."

Ulikuwa umevaa kofia ya chama chako, Rashidi, tena mpya!

Fadhili alisikia akaja. Hakupiga kelele, na hilo lilinichoma zaidi. "Mzee, hapo umetupiga changa la macho," akasema. "Kwenye kikao! Mimi nilihama kwa baba mdogo kwa sababu ya watu wa kofia hiyo. Kila chakula cha jioni nilikuwa nahojiwa kama mwizi, nani ananilipa, nani ananituma. Hapa ndipo nilipopata kula nikamaliza sahani. Sasa unaniletea tena?"

Nilimwambia ana haki, nikawaomba radhi wote wawili, nikasema naondoa ombi na nitatafuta chumba kingine. Nikawaeleza na habari ya hitima, yote, hata benchi la stendi. Ilikuwa mara ya kwanza kuisimulia kwa sauti.

Omari akauliza, "Huyu mdogo wako, ni Mnyamwezi kama wewe, baba mmoja mama mmoja?"

"Baba mmoja mama mmoja."

"Basi mnajadili nini? Huyo ni mtani wangu. Alikuwa mtani wangu kabla vyama havijazaliwa. Mababu zake walipita hapa na mizigo kichwani, wakanywa maji yetu, wakatutukana, tukawatukana, wakaendelea na safari. Mtani wangu haoni, halafu mimi nimfungie mlango kwa sababu ya kofia? Aje! Kofia yenyewe nitaichukua siku atakayofika, nitaivaa kwenda nayo dukani, na hawezi kunifanya kitu. Akiitaka, aikomboe kwa asali ya Tabora, nzuri, si ile ya kuchanganya na sukari."

"Na mimi ambaye si mtani wa mtu yeyote hapa?" Fadhili akauliza.

"Wewe kaa pembeni ujifunze. Hili halimo kwenye kitabu chako cha Uraia."

Kijana hakucheka. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango, nami nikajua mambo yamekwisha. Unajua utani ulivyo. Omari anaweza kuvuta kofia yako, lakini hawezi kumlazimisha mtu mwingine aridhike. Asubuhi nilimkuta uani anaanika vitabu vilivyolowa, amevifungua kimoja kimoja juu ya mkeka. Alinisalimu kwa adabu kama kawaida yake, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Mzee, anakubali kubishiwa huyo?"

"Kubisha ndiyo kazi yake. Kubishiwa, tutamfundisha."

"Akiniuliza nani ananilipa?"

"Mwambie umepewa ruhusa na kaka yake kumwambia anyamaze."

Akafunua daftari la kikao. Alikata lile neno "mwenzetu" kwa mstari mmoja, kwa rula, akaandika chini yake, nami nanakili kama alivyoandika: "Si mwenzetu. Ni mdogo wake Mzee Juma. Amekubaliwa na wawili, mmoja ana wasiwasi. Siasa zisizungumzwe chakula kikiwa mezani." Huyo mwenye wasiwasi ni yeye mwenyewe. Hilo ndilo azimio la kwanza katika nyumba hii ambalo halikupita kwa kauli moja, na nakuambia kweli, ndilo la kwanza ninaloliamini. Jumamosi iliyopita Omari alipanda ngazi, Fadhili alishika chini, mimi nikabeba majani, kila mmoja jina lake limeandikwa na siku yake. Bi. Zuhura alitoka nje kutazama kama hajawahi kuona ngazi.

Chumba ni kizuri. Dirisha linatazama mlima, ambao kwa sasa hutauona, lakini baada ya jicho la kwanza utauona asubuhi kabla mawingu hayajaukalia. Omari ametengeneza kitanda cha mninga, amekipunguza urefu wa miguu ili usipande kwa kupapasa. Ukija, Mwajuma akusindikize, ipo nafasi ya binti kulala kwa Bi. Zuhura, na ameshasema atafurahi kupata wa kumsomea dawa zake. Mkifika Dumila msishuke. Kelele za wauza nyanya na vitunguu huwadanganya wageni wakadhani wamefika mjini. Kaeni kwenye viti mpaka stendi ya Msamvu, nitakuwepo.

Msalimie dada yetu Tatu, aliyechoka kubeba maneno yetu kama karani wa posta. Msalimie shemeji, mama Mwajuma, na umwambie mkono wako ulioungua aendelee kuupaka asali. Mpe shikamoo zangu mjomba Kapela, maana ndiye peke yake aliyebaki katika tumbo la bibi. Na wale wenzako wa tawini wanaokutembelea, wasalimie pia. Nimesema wasalimie.

Sikuandikii ili unisamehe kwanza ndipo uje. Njoo na hasira zako, tutazitafutia mahali. Kesho naenda kliniki kuandikisha jina lako kwenye zamu, na jina hilo nitaliacha pale hata usiponijibu. Lakini kama hutaki kuja, usimtume Tatu. Chukua simu, nipigie mwenyewe, unikatalie kwa mdomo wako. Kwa kuanzia, hata hiyo itanitosha.

Ni mimi kaka yako,
Juma