Maji ya Majivu na Paka wa Bomani

Kwa mke wangu Mama Salima, huko Songea.

Salamu zangu zikukute umekaa vizuri, wewe na binti yetu anayekusomea. Kifua chako kimepoa? Mahindi ya bondeni yamestahimili jua? Mimi huku Lindi, nilikofuata kazi, ni mzima wa kitandani: uji unapita, mkono bado unaandika. Salima mwanangu, soma polepole wala usiruke neno, hata pale utakaponionea aibu.

Mama Salima, kwanza nakushukuru. Bibi anayeniuguza hapa ana paka watatu, na mbuzi anayeingia ndani bila hodi. Nilimfundisha kazi yako: majivu ya maganda ya maharage katika chungu chenye matundu, maji yachuruzike taratibu, yatulie, ayazimue kwa maji mengi, asugue, kisha asuuze mara mbili kabla wanyama hawajarudi ndani. Juzi akaniambia, "Mzee, sakafu imetakata, na paka wanajilamba juu yake kama masultani!" Nikageukia ukutani, nikalia. Alidhani ni homa.

Unamkumbuka paka mweupe wa bwana wa boma, aliyelinda ghala la mbegu mwaka ule wa njaa, baada ya vita vya Majimaji? Wewe ulikuwa mjane unayeosha sakafu za boma, mimi karani. Lilikuja kopo la dawa ya sakafu kutoka Ulaya, harufu yake inachoma pua. Ulikataa kuigusa. Ukasema, "Karani, paka hutembea kwa miguu, kisha hujilamba miguu. Soma kwanza hilo kopo linasema nini."

Nililitazama kopo, nikasema, "Linasema ni sabuni tu."

Mama Salima, sikujua kusoma herufi zile. Nilijua za Kiarabu, za chuo cha Kurani, na watu wote walinisifu kuwa msomi. Niliona haya kusema sijui mbele ya mwosha sakafu. Siku hiyo, ulipokwenda kisimani, niliimimina dawa mwenyewe sakafuni mwa ghala, bila kuizimua, nikukomeshe ubishi. Jioni paka akatokwa na mapovu, akafa.

Shaushi, kiongozi wa askari wa boma, akakuta kibuyu chako cha maji ya majivu. Akapiga kelele, "Maji! Bado mnayo maji yenu!" Ukamjibu, "Baba, kama haya yangezuia risasi, mume wangu angekuwa hai. Haya yanaondoa mafuta tu." Askari wengine wakacheka, naye akazidi kukasirika. Ukafungwa siku tatu, Salima akilia kwa jirani. Ulinitazama ulipokuwa unapelekwa. Nikainama kuandika, wala hapakuwa na neno la kuandika.

Bwana aliporudi safari, alinusa ghala akajua. Nikamwambia kopo lilipinduka. Akaguna tu, akaamuru ufunguliwe. Neno moja hilo, tena la uongo, lingetosha kukufungua siku ile ya kwanza. Lakini shaushi alikuambia, "Mshukuru karani, ndiye aliyekusemea." Ukaniletea kuku wako wa mwisho, ukapiga magoti. Nami nikamla kuku yule.

Kutoka hapo ndoa yetu ikazaliwa. Miaka yote umekuwa ukiwaambia watu, "Huyu aliniokoa." Kila uliposema, niliipokea sifa hiyo. Ulinipikia, ukanitibu macho, ukanipa Salima awe mwanangu. Shukrani zote ulizonipa hazikuwa haki yangu. Zilikuwa zako, na leo nakurudishia ningali na pumzi. Herufi hizi za Kizungu nimejifunza huku, uzeeni, ili nikuandikie kwa zile nilizojidai kuzijua.

Wabebaji mizigo watakaoileta barua hii wanaondoka kesho. Usiwaambie wanijibu kwamba yamepita, kama hayajapita. Ukinisamehe nitafurahi, usiponisamehe, utakuwa na haki, na bado nitakufa nikimshukuru Mungu kwamba nilikaa nyumba moja na wewe.

Nisalimie kaka yako mfua chuma, shangazi anayekaa Madaba, na jirani yule aliyemshika Salima siku zile tatu. Huyo mwambie kila kitu. Wengine, waambie unachotaka wewe.

Ni mimi, mumeo, ukikubali bado kuniita hivyo,
Athumani