Nyati au Pori la Baba

Jumapili, 31 Mei 1998

Kuku tena. Nimemnunua hai sokoni, miguu imefungwa kamba, nikampandisha ngazi mpaka ghorofa ya sita akinipigia makelele kana kwamba mimi ndiye mkosaji. Nyama ya buchani hapa Guangzhou hatuli, hatujui imechinjwaje. Kwa hiyo kila Jumapili ni kuku na kisu. Nafika mlangoni, mume wangu Baba Zuhura hayupo. Kaenda kuulizia kontena. Kontena gani linaulizwa Jumapili?

Amechinja Maganga, jirani yetu wa chumba cha pili, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wa mume wangu. Akalalamika kama kawaida yake: yeye anachinja, firigisi anakula Mzaramo. Nikamwambia firigisi ni ya baba mwenye nyumba, akitaka yake aoe.

Baba Zuhura karudi kuku ameshaiva. Akala firigisi yake, akaanza habari za nyati.

Jumanne, 2 Juni

Naandika nipunguze hasira.

Akiba yetu inatosha jambo moja. Mume wangu ana mambo mawili. La kwanza, kuna kampuni ya uwindaji Dar inayompeleka mtu porini wiki nzima, hema, gari, bunduki kubwa, mpaka apige nyati. Ana karatasi zao za rangi, analala nazo kama mtoto na mwanasesere. La pili, pori la marehemu baba yake, Kisarawe ndani ndani, alikokuwa akiwinda na gobore lake. Sasa liko mikononi mwa baba mdogo Pazi, naye anauza. Wachoma mkaa wameshakuja kulitazama. Wakilipata wao, vitabaki visiki.

Asubuhi anataka nyati. Mchana anataka pori. Wakati wa kulala nyati karudi. Mimi nilitaka bati za nyumba ya Mbagala, inavuja mpaka kitandani. Hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 4 Juni

Barabara ya Zhanqian, kwenye maduka ya nguo za jumla, kutwa nzima. Tumeagiza masweta ya shule, kijani kilichokolea. Nikamwacha Baba Zuhura asimamie ufungaji, nikaenda kutafuta zipu. Narudi, laoban, bosi wa duka, keshafunga marobota ya waridi. Masweta ya waridi! Shule gani kwetu wanavaa waridi?

Na msimamizi wangu? Yuko kwenye ngazi, anamwonyesha Mkongo mmoja namna ya kulenga nyati. Kwa mwavuli.

Nikafoka mpaka laoban akaniletea chai. Kijani je? Meiyou. Hakuna. Nikakalia marobota yale, nikasema siondoki. Nikakaa. Wateja wakawa wananizunguka. Mwishowe kijani kikapatikana, kumbe kilikuwa stoo. Baba Zuhura akaniambia nimefanya vizuri. Nusura nimpige na huo mwavuli.

Ijumaa, 5 Juni

Kaomba ushauri msikitini baada ya sala. Kila mtu kampa wake. Mzanzibari mmoja kamwambia aache yote mawili, anunue jokofu. Nampenda bure yule Mzanzibari.

Jumapili, 7 Juni

Mgeni kutoka Dar kaleta kaseti ya baba mdogo Pazi.

Kwao pori haliuzwi hivihivi. Mnunuzi anazungushwa mipaka pamoja na majirani, kila kona jirani anataja jina lake na kushuhudia kwamba hapa ndipo. Sasa mnunuzi yuko Uchina. Baba mdogo kabeba redio kaseti kwapani, kazunguka nayo. Unasikia miguu kwenye majani makavu. Unasikia kikohozi. Mzee mmoja anasema yeye Mwinyimvua, mpaka wake na marehemu ni huu mninga. Mara kanga wakaruka. Wengi! Na ile sauti yao kama mtu anakwangua sufuria.

Baba Zuhura akarudisha mkanda. Akasikiliza kanga. Akarudisha tena. Mipaka mingine nimeisikiliza mimi, yeye hakuwa na habari nayo. Mwisho wa mkanda baba mdogo anasema wa mkaa wanakuja na fedha Jumatatu ya tarehe kumi na tano. Anatupenda, lakini ana binti wa kuoza, hawezi kutungoja.

Kuku kachinja Maganga. Baba Zuhura alikuwa chooni. Muda wote huo, chooni.

Jumatano, 10 Juni

Maganga kapita kuomba chumvi, kamkuta mtani wake anakodolea macho zile karatasi. Akaanza. Mzaramo na nyati wapi na wapi? Nyati gani huyo, nawe kuku tu anakukimbiza mpaka chooni! Nikacheka mpaka machozi. Mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria yake.

Baba Zuhura hakucheka. Akavaa kandambili, akatoka.

Nimebaki nawaza. Tangu anioe sijamwona mume wangu na kisu mkononi. Idi anachinja kaka yangu. Shughuli za kwetu, majirani. Hapa, Maganga. Siku zote nilisema ni uvivu.

Ijumaa, 12 Juni

Kaamua. Nyati. Kesho anawatumia wale wa kampuni fedha. Kanitangazia akiwa amenipa mgongo. Nikamuuliza, na pori? Akasema litapata mwenyewe.

Maganga yuko safarini mpaka Jumapili. Nikashuka sokoni, nikarudi na kuku, nikampa Baba Zuhura kisu. Roho mbaya, najua. Nilikuwa nimechoka.

Alikishika. Jasho likamtoka puani. Akakaa sakafuni, kuku akapita juu ya miguu yake akaenda zake.

Ndipo akasema. Alikuwa bado mtoto. Baba yake akapiga paa, paa akaanguka ila hakufa, akaambiwa kimbia ukamchinje kabla hajawa kibudu. Alikimbia kweli, akafika. Paa akamtazama. Hakuweza. Baba yake akaja na kukuta mnyama amekwisha kufa, nyama yote ikaachwa porini. Hakumgombeza. Hakumwambia mtu. Ila hakumchukua tena kuwinda mpaka anaingia kaburini.

Kwa hiyo nyati. Eti akimpiga nyati, basi.

Basi nini? Nikafoka. Nani atamwona? Marehemu yuko Kisarawe amelala, hasomi karatasi za rangi! Nikamwambia wewe hutaki kuua kitu, hujawahi kutaka. Wewe unataka kutembea mle na kusikia kanga. Mtu anayerudisha mkanda vile bunduki ya nini? Na kama ni baba yako, wale wa mkaa watakapomaliza utamkuta wapi?

Akalia. Na mimi nikalia, kwa hasira tu. Kuku akapanda kitandani, akanya juu ya picha ya nyati. Hakuna aliyemfukuza.

Jumamosi, 13 Juni

Tumekwenda kibanda cha simu. Baba mdogo akaitwa aje kwenye simu ya duka la jirani, tukasubiri, laini ikakatika, tukaanza upya.

"Shikamoo, baba. Pori nalichukua mimi." Hata habari za nyumbani hakuuliza.

Baba mdogo akamuuliza atawinda nini mle, paa au kanga.  Akasema atatembea kwanza. Nikampokonya simu, nikamwambia baba mdogo hata ukuni mmoja usitoke, na wa mkaa wakija awasomee mashahidi kwa majina, mninga kwa mninga. Akasema amesikia. Fedha anapeleka kaka yangu aliyeko Dar, leo leo.

Kwa hiyo Mbagala itaendelea kuvuja. Nimenuna njia nzima. Alinibebea mkoba, nikamwacha aubebe.

Jumapili, 14 Juni

Yule kuku wa Ijumaa nimemchinja mwenyewe. Mwanamke anaruhusiwa, ni mazoea tu yaliyotuweka kando. Baba Zuhura alimshika mabawa na miguu, uso kaugeuzia ukutani. Nikasoma bismillahi kwa sauti, asikie. Ikaisha haraka.

Maganga karudi na njaa yake. Akauliza nani kachinja. Nikasema Baba Zuhura. Mungu anisamehe. Maganga akamtazama mtani wake, akaenda kunawa mikono.

Nikapakua. Firigisi nikaiweka kwenye sahani ya mume wangu, kama siku zote. Akaichukua kwa kijiko, akaiweka kwenye yangu. Mbele ya mgeni. Maganga akajifanya anatafuta pilipili.

Nimeila. Ngumu kidogo, na chumvi haijakolea. Kesho masweta.