Avoka Yetu Inakauka Ndani ya Maji

Jumapili, 31 Agosti 2003
Baada ya misa nimekaa uani nikaitazama avoka yetu, mparachichi wa uani, vizuri. Inakauka kuanzia juu! Matawi ya kileleni hayana hata jani. Chini majani yapo, lakini madogo, yamepauka, yamelegea. Kiu ya kiangazi, nimewaza. Nimeimwagia ndoo za maji mpaka mgongo ukauma. Mume wangu, Baba Amandine, amecheka: eti kazi ya labo hospitalini hainitoshi, sasa natafuta wagonjwa wa miti.

Jumanne, 2 Septemba
Yamelegea zaidi. Kwa nini? Nimekwangua gome kwa ukucha. Tawi la juu: kahawia, kavu. La katikati: kijani, bichi. Kwa hiyo mti haujafa — unakufa. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa.
Jani moja nimelipeleka kazini, nikalitia kwenye mikroskopi wakati wa mapumziko. Vijidudu vya malaria navijua kwa sura. Jani, sijui niliona nini. Ila lilikuwa zuri sana.

Alhamisi, 4 Septemba
Mama Mugisho, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, yule aliyekimbia vita Uvira, ng'ambo ya ziwa, na watoto, anasema ni baruti. Vita vya Julai vilifika mpaka hapa mtaani kwetu Kinindo. Tulikimbia wote, tuliporudi ukuta ulikuwa matundu matupu. Anaamini moshi wa mabomu unaua miti. Nikamuuliza mbona mpapai wa jirani Adélaïde, nyuma ya ukuta uleule, unazaa. Akacheka. Hakucheka sana. Avoka zile ndizo anazouza sokoni, na tawi kubwa limekaa juu ya bati la chumba anacholala na watoto.

Jumamosi, 6 Septemba
Tumegombana. Baba Amandine anataka kuukata mti kabla ya mvua. Nikasema tusubiri. Akasema, ‘Ukiangukia wale watoto, utamwambia nini mama yao?’
Nimeomba wiki moja. Tumekata matawi makavu yote, hata lile la juu ya bati. Mama Mugisho amechukua kuni.
Nikiwa juu ya ngazi nimeona kitu — mndimu nao una majani ya njano! Uko upande uleule wa ukuta. Mpera wa getini mzima kabisa. Hiyo miwili ina nini ambacho mpera hauna?

Jumatatu, 8 Septemba
Maji!
Nimechomeka kidole chini ya avoka. Udongo umelowa, unanuka kama bwawa. Sijamwagilia tangu Jumapili ile, na mvua haijaonekana tangu Mei. Nimechimbua mzizi mmoja: mweusi, ganda lake linachomoka mkononi kama la muhogo uliolowekwa. Mti hauna kiu, unazama. Mizizi imeoza, haiwezi kunywa, ndiyo maana majani yanalegea kama kwenye ukame. Na mimi nikauongezea ndoo!
Lakini maji yanatoka wapi?

Jumatano, 10 Septemba
Baba Amandine amekumbuka: bomba la maji la nyumba linapita pale chini, kutoka getini mpaka nyuma. Tumefunga robine zote za maji, za ndani na za uani. Mita bado inazunguka! Ameshika fimbo, anachoma ardhi hapa na pale, suruali amekunja mpaka magoti, ananiita nije nihisi palipo laini. Habari ya kukata mti haitaji tena. Tumefunga maji getini. Jumamosi tutachimba.

Jumamosi, 13 Septemba
Naandika nikiwa nyumbani kwa jirani Adélaïde. Tuko wote kwake.
Asubuhi tulianza vizuri. Mimi nilikuwa nafukua udongo kuzunguka shina, mizizi ipate hewa. Nikakata ile iliyooza. Pembeni nikakuta mingine myeupe, midogo kama nyuzi — mipya! Nikawaita waone. Mama Mugisho yeye alikuwa anachimba kufuata bomba, karibu na mndimu. Jembe likagonga chuma. Akasema amelipata.
Halikuwa bomba. Kulikuwa na mapezi, kama mkia wa samaki.
Baba Amandine aliongea taratibu sana. ‘Mama Mugisho, apana kutupa jembe. Weka chini polepole.’ Akaliweka. Tukatoka, watoto mbele.
Bomu la Julai, halikulipuka. Ndilo lililopasua bomba. Tuliporudi bustani yote ilikuwa mashimo. Tulifukia tu, tukapanda mboga za lengalenga. Tumeanika nguo juu yake. Amandine amerukia kamba juu yake.
Askari wa pozisyo, kituo chao cha karibu, wamesema watakuja watu wanaojua. Lini, hawakusema.
Mama Mugisho amemshika mwanawe Mugisho shati, hamwachii. Baadaye akanigeukia: ‘Mama Amandine, kama mulikata ule muti, hatungechimba.’ Sijui ni shukrani au lawama. Pengine naye hajui.
Kutoka dirisha hili naona kilele cha avoka. Mizizi nimeiacha wazi, jua linaipiga. Ingetosha kuifunika kwa majani ya migomba — ni upande wangu wa shina, si upande wa lile shimo. Dakika mbili tu. Na juu ya milima ya Uvira kuna mawingu, ya kwanza mwaka huu. Mvua ikija shimo litajaa.
Nimesimama. Baba Amandine hakuniuliza naenda wapi. Amechukua ufunguo wa geti letu mezani, ameutia mfukoni, amekaa mbele ya mlango.