Nimetangulia Kisiwani

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa na mayai yamechemka. Samaki wa jioni nimempaka ndimu na kitunguu saumu, yuko kwenye friji. Asiguswe na mtu, hasa wewe kitinda mimba.

Asubuhi hii nilikuwa hapa jikoni nakata tikiti maji la safari yetu, nikamsikia kifungua mimba wangu barazani: "Mama abaki tu hapa alinde mabegi. Jua la kisiwani ataliweza wapi?" Na nyinyi wote mkaitikia kama kwaya! Kisha haoo, mkateremka ufukweni kuogelea.

Iliniuma, sitaficha. Nani aliyewafundisha kuogelea, kama si mimi? Nikawa nakata tikiti huku nimevuta mdomo, mara jirani wa nyumba ya pili, yule nesi mstaafu, akachungulia dirishani. "Shoga, boti inaondoka sasa hivi. Unakuja, au umeota mizizi?"

Nikacheka mpaka kisu kikaanguka. Nikavua aproni.

Mkamwana, kofia yako pana ninayo mimi. Imenikaa vizuri kuliko wewe, usinune.

Fungeni madirisha ya nyuma, upepo unaleta mchanga vitandani.

~~Msinifuate.~~ Boti nyingine inaondoka saa nne. Njooni na hilo tikiti, bakuli zima, maana sikulikata nile peke yangu. Mkinitafuta kivulini mtanikosa. Nitakuwa majini.

Mama yenu